Baba amekojoa damu na hataki kamera: je, picha pekee zinatosha?

Swali: Daktari, habari za kazi. Baba yangu ana miaka 63, alikuwa dereva wa malori, naishi naye hapa Nkuhungu, Dodoma. Mwaka huu amekojoa damu mara mbili na haimuumi popote. Mara ya kwanza zahanati walisema ni UTI, akachomwa sindano na kupewa vidonge, damu ikakata. Iliporudi tukaenda kupiga utrasaundi. Majibu yanasema ukuta wa kibofu umenenepa kidogo, tezi dume imekua kidogo, hakuna uvimbe ulioonekana. Sasa daktari anataka aingizwe kamera kupitia njia ya mkojo. Baba amekataa katakata. Amesikia kwa jirani kwamba MRI inaona kila kitu bila kukugusa, na anasema yuko tayari kuuza ng'ombe afanye hiyo. Je, hakuna kipimo cha picha kinachoona kibofu chote bila kuingiza kitu mwilini? Alikulia Maswa akichunga ng'ombe, na amevuta sigara miaka mingi.

Jibu: Dada, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Pili, nikujibu moja kwa moja ili usisome mpaka mwisho ukiwa na presha: picha za kuona kibofu bila kuingiza kitu zipo, tena nzuri, na nyingi zinapatikana hapahapa Dodoma bila kupanda basi la Dar es Salaam. Lakini kwa mwanaume wa miaka 63 aliyekojoa damu ya kuonekana kwa macho, picha hizo zinaweza kumwambia "kuna kitu". Haziwezi kumwambia "hakuna kitu" akaenda nyumbani akalala. Mimi ni daktari wa mionzi, picha hizo ndizo ninazosoma kutwa, kwa hiyo sina sababu ya kuwapigia debe wenzangu wenye kamera.

Katika maelezo yako nimekwama kwenye maneno "haimuumi" na "ikakata" kuliko hata kwenye majibu ya utrasaundi. Uvimbe wa kibofu huvuja damu kwa wakati wake. Leo mkojo ni mwekundu kama juisi ya choya, kesho kutwa umerudi rangi yake, na unaweza kukaa hivyo wiki au miezi. Katikati hapo mgonjwa anakuwa ameshameza vidonge vya UTI, na vidonge vinapewa sifa ya kukata damu ambayo ingekata yenyewe. Hapa kwetu UTI imekuwa jina la kila kinachotokea chini ya kitovu. Maambukizi ya kweli ya mkojo mara nyingi huchoma, humfanya mtu aende chooni kila baada ya dakika chache, na kipimo cha kuotesha mkojo huonyesha mdudu ni yupi. Je, mkojo wa baba uliwahi kuoteshwa? Na hata ukikuta mdudu kweli, mwanaume wa umri huo kupata UTI ni jambo linalotakiwa kutafutiwa sababu, kwa kuwa jiwe, tezi dume au uvimbe vyote vinaweza kuwakaribisha wadudu.

Kuna mkojo mwekundu usio na damu, nao tuuondoe mezani. Bitiruti inaweza kuupaka rangi, na dawa ya TB iitwayo rifampisini huugeuza kuwa wa chungwa hadi mwekundu. Kipimo cha kawaida cha mkojo kwenye hadubini kinamaliza ubishi huo kwa hela ndogo. Wengine husema "anatumia dawa za kuyeyusha damu, ndiyo maana." Dawa hizo zinaweza kufanya kidonda kilichopo kivuje mapema, lakini hazitengenezi kidonda, kwa hiyo anayezitumia naye huchunguzwa kama wengine.

Sigara nayo imeongeza uzito. Kemikali za moshi huingia kwenye damu, figo zikazichuja, kisha zikakaa kwenye kibofu saa nyingi zikigusana na ngozi yake ya ndani. Duniani sigara ndiyo chanzo kikubwa kinachojulikana cha saratani ya kibofu, na wanaume huugua mara tatu hadi nne zaidi ya wanawake. Kuacha kunasaidia, na aache leo kama bado anavuta, ila miaka ya nyuma haifutiki mara moja.

Sasa tuje kwenye ile utrasaundi. Ni kipimo ninachokipenda sana na ndicho kinachoharibiwa kirahisi kuliko vyote. Inatumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, unaweza kuirudia hata kila wiki. Kibofu kikiwa kimejaa, mkojo unaonekana mweusi kwenye skrini, na uvimbe unaonekana kama nyama ya kijivu inayochomoza kutoka ukutani kuingia kwenye ule weusi. Kibofu kikiwa nusu tupu, ukuta hujikunja, mikunjo inafanana na uvimbe, na uvimbe unajificha ndani ya mikunjo. Kibofu kilichojaa vizuri huwa na ukuta wa milimita 3 hivi au pungufu. Kibofu kilekile kikiwa kitupu, ukuta unaweza kufika milimita 5 bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo "umenenepa kidogo" ni maneno ambayo siwezi kuyatumia kabla ya kujua siku ile kibofu cha mzee kilikuwa na mkojo kiasi gani. Angalia karatasi ya majibu: kama hakuna ujazo wa kibofu kwa mililita, hakuna unene wa ukuta kwa milimita, na hakuna kiasi cha mkojo uliobaki baada ya kukojoa, basi hiyo utrasaundi irudiwe kabla hamjafikiria mashine kubwa.

Naliona hili kila wiki. Mzee katoka Bahi au Mpwapwa alfajiri, kaambiwa aje na mkojo, kaukalia tangu saa moja, foleni ni ndefu. Saa nne anashindwa, anakwenda chooni. Saa nne na dakika kumi anaitwa jina. Anaona aibu kusema ametoka kukojoa, na mpimaji naye ana watu arobaini nje, anapima hivyohivyo. Mwambie baba asinywe maji nyumbani halafu apande bodaboda. Afike kwanza, ajiandikishe, aulize foleni ikoje, kisha anywe glasi tatu au nne za maji na kungoja kama saa moja mpaka mkojo umbane kwa kiasi. Akiitwa wakati kibofu hakijajaa, aseme. Ana haki ya kupisha watu wawili.

Akiwa kitandani, kuna mambo mpimaji mzuri atafanya, na wewe ukiruhusiwa kuingia utayaona. Atapita kibofu kwa urefu, kisha kwa upana, polepole mpaka kwenye shingo ya kibofu. Akikuta kitu, atamwambia mzee ajigeuze ubavu. Jiwe litabingirika na kutulia upande wa chini, likiacha kivuli cheusi nyuma yake. Bonge la damu litateleza. Uvimbe utabaki umeshika ukuta wake palepale. Kisha atawasha dopla, ile inayopaka rangi nyekundu na bluu mahali damu inapotembea: uvimbe mara nyingi una mshipa unaoulisha kutoka ukutani, bonge la damu halina. Halafu atapima figo zote mbili, maana figo iliyojaa maji upande mmoja kwa sababu mrija wake umezibwa chini hubadilisha kabisa uzito wa habari. Mwisho atamtuma mzee chooni na kupima kilichobaki. Mkojo mwingi uliobaki, pamoja na tezi dume iliyokua, unaweza wenyewe kueleza ukuta kunenepa: misuli ya kibofu imekuwa ikisukuma mlango mgumu kwa miaka.

Utrasaundi ikifanywa hivyo, uvimbe wa sentimita moja na kuendelea mara nyingi tutauona. Chini ya milimita 5 unatuponyoka mara nyingi. Ulio karibu na shingo ya kibofu unachanganyika na sehemu ya kati ya tezi dume, ambayo yenyewe ikichomoza ndani ya kibofu inaweza kunidanganya kwamba ni uvimbe. Sehemu ya mbele ya ukuta imefunikwa na ukungu wa mwangwi wa sauti, na sehemu ya juu kuna gesi ya utumbo. Zaidi ya yote, kuna saratani ambayo haichomozi kabisa. Imetandaa juu ya ngozi ya ndani ya kibofu kama doa, haina unene wa kupimika, na ni kali. Hiyo utrasaundi haiioni. Neno "hakuna uvimbe ulioonekana" kwenye karatasi yenu limeandikwa kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba nyumbani limesomwa "hakuna uvimbe".

Sasa Maswa. Nashukuru umelitaja, maana wengi hawalitaji, wanadhani mambo ya utotoni yamepita. Mtoto wa kuchunga Usukumani ameoga kwenye malambo, na malambo hayo yana konokono wanaobeba kichocho cha mkojo. Mdudu mkubwa huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga humo. Mayai mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu, na mwili hupambana nayo kwa miaka mpaka ukuta unakuwa na makovu na hata chokaa. Kuna wazee ninaowapiga eksirei ya nyonga kwa sababu ya maumivu ya kiuno, nikaona kibofu kimechorwa chote kwa mstari mweupe juu ya mfupa wa kinena, na mwenyewe hajawahi kuambiwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliweka kichocho hiki kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1994. Saratani inayokuja kwa njia hii mara nyingi ni ya aina tofauti na ile ya wavuta sigara. Huanzia kwenye ngozi iliyobadilika kwa kusuguliwa na kidonda cha muda mrefu, na mara nyingi inapogunduliwa imeshaingia kwenye misuli. Baba yako ana njia zote mbili.

Kwa hiyo ule ukuta ulionenepa una maelezo angalau manne: kibofu hakikujaa, tezi dume imekilazimisha kusukuma, makovu ya kichocho, au uvimbe uliotandaa. Utrasaundi haiwezi kuyatenganisha. Apimwe mkojo kutafuta mayai ya kichocho, na autoe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Yasipoonekana, bado haifuti historia, kwa kuwa maambukizi ya zamani huacha makovu bila mayai ya kutoka. Akikutwa nayo, atapewa prazikwanteli kwa uzito wake, miligramu 40 kwa kila kilo. Kwa watoto dawa hiyo hufanya kazi ya kupendeza, tunarudia utrasaundi baada ya miezi sita tunakuta kibofu kimerudi laini. Kwa mzee wa 63 dawa itaua mdudu, haitaondoa kovu, na haitakuwa sababu ya kusitisha uchunguzi.

Skani ya CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, ndiyo picha ambayo mimi ningeichagua kwa baba yako baada ya utrasaundi, na si kwa ajili ya kibofu peke yake. Damu kwenye mkojo inaweza kuwa inatoka kwenye figo au kwenye mirija inayoshusha mkojo, na huko kamera ya kibofu haifiki. Skani ya njia yote ya mkojo hupigwa kwa mikupuo. Wa kwanza ni bila dawa, kutafuta mawe na chokaa. Kisha inachomwa dawa ya kontrasti kwenye mshipa wa mkono, mzee atasikia joto linapanda mwilini na atahisi kama amejikojolea ingawa hajajikojolea. Mwonye mapema asije akashtuka. Mkupuo wa pili hupigwa figo zikiwa zimeinywa dawa hiyo, na wa mwisho dakika kama kumi baadaye, dawa ikiwa imeshuka na kujaza mirija na kibofu. Hapo mkojo ni mweupe, na uvimbe unaonekana kama pengo jeusi ndani ya weupe. Kwenye kibofu chenye chokaa ya kichocho natazama jambo moja zaidi: ule mstari mweupe ukiwa umekatika mahali fulani huku pembeni kuna nyama, naingiwa na wasiwasi sana, kwa sababu saratani inaweza kuila chokaa.

Kabla ya kontrasti lazima apimwe kreatinini kuona figo zinafanyaje kazi. Kama ana kisukari na anatumia metformini, aseme, kwa kuwa figo zikiwa dhaifu huenda akaambiwa aisimamishe kwa siku mbili. Kama aliwahi kupata mzio wa kontrasti au ana pumu, aseme pia. Mzio wa dagaa au kamba, ambao watu wengi huulizwa mlangoni, hauna uhusiano wa pekee na dawa hii. Mionzi ya skani hii ni mingi kuliko ya eksirei ya kifua kwa mbali, na kwa msichana wa miaka 20 ningefikiri mara mbili. Kwa mzee aliyekojoa damu sifikirii.

CT nayo ina mipaka ileile ya chini: doa lililotandaa hailioni, na ukuta wenye makovu unaichanganya. Wagonjwa wengine husikia kuhusu "kamera ya kompyuta", picha za CT zinazounganishwa mpaka unatembea ndani ya kibofu kwenye skrini kama uko humo. Inapendeza kuitazama. Lakini inatengeneza umbo tu, rangi haina, na ile saratani ya doa hutambulika kwa wekundu wake.

Na ng'ombe je? Mwambie mzee asimuuze bado. MRI ni mashine bora, haina mionzi, na Hospitali ya Benjamin Mkapa inayo. Sifa yake kwenye kibofu ni kwamba inatofautisha tabaka za ukuta: inaonyesha msuli kama mstari mweusi, na uvimbe ukiwa umeuvunja mstari huo tunauona. Tangu mwaka 2018 sisi wa mionzi tuna utaratibu wa kimataifa wa kuupa uvimbe alama 1 mpaka 5, kutoka ule ambao karibu hakika haujagusa msuli hadi ule ambao umeshapenya. Habari hiyo ni ya dhahabu kwa daktari wa upasuaji, kwa sababu uvimbe wa juu juu hukwanguliwa na kibofu kikabaki, ilhali uliozama kwenye msuli unaweza kudai kuondoa kibofu kizima au mionzi ya tiba. Utaona basi kwamba MRI inajibu swali la "umezama kiasi gani?", swali linalokuja baada ya kujua kwamba uvimbe upo. Kumpeleka mzee MRI sasa ni kuuliza swali la pili kabla ya la kwanza.

Ila shikeni hili, maana mara nyingi linakosewa kwa upande wa pili: kama uvimbe ukionekana na MRI ikahitajika, ifanyike kabla ya kukwangua. Baada ya kukwangua, ukuta unavimba na kuvuja damu, na kwenye picha kidonda kinafanana na saratani iliyopenya. Ikibidi baada ya hapo, tunangoja angalau wiki mbili, na hata hivyo nasoma kwa mashaka. Na kwa kuwa baba alikuwa dereva wa malori, ulizeni kama aliwahi kuchomelea vyuma au kupata kipande cha chuma jichoni, au kama ana kifaa cha moyo. Sumaku ya MRI haina utani na chuma.

Kuna na ile skani ya PET ambayo watu wa mjini wameanza kuiulizia. Sukari yake yenye mionzi hutolewa kwa mkojo, kwa hiyo kibofu chenyewe hung'aa chote na kuficha unachotafuta. Kazi yake ni kutafuta saratani iliyosambaa, basi.

Niseme pia kuhusu mawe, kwa kuwa Dodoma kila mwenye maumivu ya mkojo analaumu maji ya chumvi. Jiwe la kibofu kwa mwanaume mzee mara nyingi ni matokeo ya mkojo usiotoka wote kwa sababu ya tezi dume. Mkojo uliotuama ndio unaojenga jiwe. Linaonekana vizuri kwa utrasaundi, na linaweza kutoa damu. Tatizo la kutokunywa maji ya kutosha kwenye joto letu la Oktoba lipo, lakini linahusu zaidi mawe ya figo. Kukuta jiwe kusiwafanye mkaridhika mkaacha kuulizia uvimbe. Vitu viwili vinaweza kukaa kibofu kimoja.

Nirudi kwenye kinachomtisha mzee. Ninashuku anafikiria kitu kinene na kigumu, na kwa sehemu hajakosea, maana kamera ni za aina mbili. Iko inayopinda, unene wake unakaribiana na mpira wa mkojo ambao wazee wenzake wenye tezi dume wanavaa kila siku. Inawekwa jeli yenye ganzi kwenye njia ya mkojo, wanangoja dakika chache ganzi ishike, kisha inapita. Inabana, inatia aibu, inaleta hamu ya kukojoa, na kwa kawaida ndani ya dakika tano hadi kumi imekwisha. Siku moja au mbili mkojo unaweza kuchoma na kuwa na wekundu kidogo. Ya pili ni ngumu, ya chuma, na hiyo hufanywa chumba cha upasuaji kwa ganzi ya mgongoni. Kuanzia kiunoni kushuka hasikii kitu. Amuulize daktari wake ni ipi ametayarishiwa. Sijawahi kuona swali hilo likimkera daktari, na limewatuliza wazee wengi. Akitaka mhudumu wa kiume, aombe.

Kamera ina jambo ambalo hakuna picha yangu inayoliweza: kupitia hapohapo anachukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya kibofu cha kupimwa maabara. Saratani ya kibofu haithibitishwi kwa picha. Naweza kuandika kwenye ripoti kwamba nina shaka kubwa sana, na bado hakuna daktari mwenye akili timamu atakayemtoa mtu kibofu kwa maneno yangu bila kinyama kupita maabara. Aina yenyewe, ile ya sigara au ile ya kichocho, inajulikana kwa kinyama. Na habari nzuri imejificha hapo pia. Uvimbe wa juu juu ukikwanguliwa, kinachofuata kwa baadhi ya wagonjwa ni kuwekewa ndani ya kibofu dawa ya BCG, ileile chanjo ya TB iliyotuachia kovu begani, inayoamsha kinga ya mwili palepale. Watu wanaishi miaka na kibofu chao.

Kama hela ni ya kupangwa, mimi ningeipanga hivi. Kwanza mkojo: hadubini, kuotesha, mayai ya kichocho, na kama maabara ipo, kutafuta chembe za saratani kwenye mkojo. Kipimo hicho cha mwisho ni kizuri kwa saratani kali, hata ile ya doa ninayoikosa mimi, lakini huzikosa zile za pole. Pamoja na hivyo kreatinini. Halafu utrasaundi irudiwe kibofu kikiwa kimejaa kweli. Ikionyesha uvimbe wazi, hakuna haja ya kamera ya kuchungulia tu; aende CT au MRI kwa ushauri wa daktari, kisha moja kwa moja kukwangua na kuchukua kinyama, amepunguza safari moja. Isipoonyesha kitu, kamera ifanyike kama ilivyopangwa, na CT ikiwezekana. Ukinibana nichague kimoja kati ya kamera na MRI kwa hela ya ng'ombe mmoja, nachagua kamera bila kusita. Kama mzee ana bima, ulizeni mapema dirishani nini kinahitaji kibali na rufaa, kwa kuwa kwenye CT na MRI ndiko watu hukwama siku ya kipimo.

Kila picha atakayopiga, chukueni filamu au CD, msichukue karatasi ya majibu peke yake. Ripoti ni maoni ya mtu aliyeitazama picha siku hiyo. Nikiwa na picha yenyewe ya miezi mitatu nyuma, naweza kulinganisha ukuta na ukuta.

Na akikataa kabisa? Ni mtu mzima, mwili ni wake, na kumsukuma kwa kelele kutamfanya afiche damu ikirudi, jambo ambalo ni baya kuliko kukataa. Kubalianeni naye angalau kwenye vile asivyoviogopa: vipimo vya mkojo, CT mara moja, na utrasaundi ya kibofu kilichojaa kila baada ya miezi mitatu. Ni mbadala dhaifu, na aambiwe hivyo bila kupambwa. Pengine picha ikionyesha kitu, na akakiona mwenyewe kwenye skrini, atabadilisha mawazo. Nimeona wengi wakibadilika hapo. Lakini akitoa mabonge ya damu, au mkojo ukaziba na tumbo la chini likajaa na kuuma, au akaanza homa na maumivu ya ubavuni, hapo hakuna kungoja miezi mitatu wala asubuhi: mpelekeni dharura usiku huohuo, na siku hiyo mpira atawekwa tu.